Fibroidi na uzazi

Fibroidi ni uvimbe usio wa saratani unaoota kwenye misuli ya mji wa mimba na kukuzwa na homoni za estrojeni na projesteroni. Huwapata wanawake wengi kabla ya miaka 50, hasa wenye asili ya Afrika, na wengi wao hawana dalili yoyote.

Kuhusu kushika mimba, mahali uvimbe ulipo huwa na uzito kuliko idadi yake. Ulio nje ya mji wa mimba, hata ukiwa mkubwa, kwa kawaida hauzuii mimba. Unaochomoza ndani, ingawa mdogo, huweza kuzuia yai lililorutubishwa kujipandikiza au kuchangia mimba kuharibika. Kuuondoa huweza kuongeza uwezekano wa kushika mimba. Kwa uliomo katikati ya msuli, madaktari bado wanabishana. Hivyo si haki kumwita mwanamke tasa kwa sababu tu kipimo cha picha kimeonyesha uvimbe.

Wajawazito wengi wenye fibroidi hujifungua salama. Hata hivyo, uvimbe ukikosa damu ya kutosha husababisha maumivu makali, mara nyingi katika miezi ya kati, ambayo hutulizwa kwa mapumziko na dawa kama parasetamoli. Mtoto huweza kukaa vibaya, kuzaliwa kabla ya wakati au kwa upasuaji, na mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Aliyewahi kukatwa fibroidi kwa kina huenda akashauriwa kujifungua kwa upasuaji, kwani kovu linaweza kupasuka wakati wa uchungu.