Toby alikuwepo kabla ya meli kufika

Jina la Kunta Kinte huenda ulilisikia kabla hata hujajua limetoka wapi. Limetoka kwenye Roots, kitabu cha Mmarekani Alex Haley kilichochapishwa mwaka 1976, na kwenye tamthilia ya televisheni iliyofuata Januari 1977. Haley aliwaambia wasomaji wake kwamba ile ni historia ya ukoo wake mwenyewe. Kijana wa Kimandinka kutoka kijiji cha Juffure, Gambia, alikamatwa, akapakiwa kwenye meli iitwayo Lord Ligonier, akashushwa Annapolis, Maryland, tarehe 29 Septemba 1767, kisha akauzwa Virginia na kubandikwa jina la Toby.

Tamthilia tuiache leo. Mimi nataka tuingie kwenye chumba cha makarani, kwa sababu ni huko ambako hadithi hii ilipata nguvu zake, na ni huko huko ilikobomokea.

Tuanze na jengo lenyewe. Marekani majimbo mengi yamegawanywa katika kaunti, na kwa kawaida kila kaunti ina jengo la mahakama. Usifikirie kesi tu. Huko, au katika ofisi ya jirani, ndiko kwa miaka mingi karani ameandika mauziano ya ardhi, wosia, mirathi, dhamana za ndoa na madeni. Kaunti ya Northampton, Virginia, ina madaftari yasiyokatika tangu mwaka 1632! Na sehemu kubwa ya nyaraka hizi za zamani ni mali ya umma: unaingia, unaomba daftari, unasoma. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani kwa marehemu.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya Mmarekani mweusi anayetafuta wazee wake. Sensa inamsaidia vizuri mpaka mwaka 1870, halafu anagonga ukuta. Ile ya 1870 ndiyo sensa ya kwanza ya taifa kuwaandika kwa majina watu waliokuwa wametoka utumwani. Rudi nyuma hadi 1860, wakati watumwa walikuwa karibu milioni 4, utakuta wana orodha yao ya pembeni: jina la mmiliki, kisha mistari ya umri, jinsia na rangi. Mwanamke, miaka 30, mweusi. Mtoto wa kiume, miaka 4, mweusi. Karibu wote hawana majina, na yale machache yaliyoandikwa ni bahati tu.

Hapo ndipo jengo la mahakama linapokuwa na thamani, kwa sababu chungu kidogo. Serikali ilipohesabu watu, haikuona haja ya kuandika jina la mtumwa. Lakini mali ikigombaniwa, jina linahitajika. Kama umewahi kufuatilia mirathi mahakamani, unajua: mtu akifa, mali yake lazima iorodheshwe. Kule Virginia wakaguzi walizunguka shamba zima wakiandika ng'ombe wangapi, vitanda vingapi, jembe hili bei gani. Na katikati ya orodha hiyo hiyo, Hannah na mtoto wake, bei yao. Aliyetaka mkopo aliweka rehani watu, na rehani ikaandikwa. Aliyemgawia binti yake watu siku ya ndoa aliandikisha hati. Yaani jina la bibi wa mtu limesalia kwa sababu kuna aliyeogopa kudhulumiwa mali.

Shida ni faharasa. Madaftari ya ardhi yamepangwa kwa jina la muuzaji na la mnunuzi, na Hannah si mmojawapo. Kwa hiyo humtafuti yeye moja kwa moja. Unamtafuta kwanza aliyemmiliki, kisha baba wa huyo mmiliki, wakwe zake, waliomkopesha. Wapo watafiti wanaomaliza miaka wakijifunza ukoo wa watu waliowamiliki babu zao, tena kwa undani kuliko vitukuu wa hao wamiliki wanavyoujua. Nadhani hilo peke yake linatosha kumchosha mtu roho. Ofisi ya hati ya kaunti ya Buncombe, North Carolina, ilifanya jambo la maana sana: ilizipekua hati zake za zamani, ikazitoa zile zilizouza watu, ikaziweka mtandaoni kila mtu azione.

Turudi kwa Haley. Alikulia Henning, Tennessee, akisikia kwa bibi yake na ndugu wa bibi habari za "Mwafrika" aliyewaachia maneno machache ya lugha ya ugenini. Akaanza kama ambavyo wewe ungeanza, na sensa ya 1870, na kweli akamkuta baba wa bibi yake, Tom Murray, mhunzi, katika kaunti ya Alamance, North Carolina. Upande huo hauna tatizo. Akiendelea kurudi nyuma alipata hati ya kaunti ya Spotsylvania, Virginia, ya tarehe 5 Septemba 1768: John Waller anamhamishia William Waller ardhi na mali nyingine, na ndani yake ametajwa mtumwa mwanamume, Toby.

Hebu ona inavyopendeza. Meli inafika Septemba 1767. Toby yuko kwenye hati Septemba 1768. Simulizi ya familia inamtaja Waller, na inamtaja Toby. Nani asingeruka kwa furaha? Mimi ningeruka.

Mwaka 1981 wanajenealojia wawili, Gary Mills na Elizabeth Shown Mills, walichapisha matokeo ya kuyapitia upya madaftari yale yale. Swali lao lilikuwa la kawaida kabisa: huyu Toby anaonekana wapi kwingine? Hawakuishia kumfuata mbele kutoka 1768. Walirudi nyuma pia. Na Toby wakamkuta mikononi mwa akina Waller tangu mwaka 1762, miaka mitano kabla Lord Ligonier haijatia nanga Annapolis. Walipomfuata mbele, anapotea kwenye kumbukumbu kabla ya 1782, dalili kwamba alikuwa ameshafariki. Kizzy, binti ambaye kitabu kinasema alimzaa, anazaliwa 1790.

Basi, hesabu haikubali. Mtu hawezi kuletwa na meli ambayo bado haijaja, wala kupata mtoto miaka minane baada ya kutoweka kwenye daftari.

Kosa lilikuwa wapi? Haley aliijua tarehe ya meli kwanza, kisha akamtafuta Toby baada ya tarehe hiyo. Ukitafuta hivyo, huwezi kukosa kufurahi, kwa sababu hati pekee ambayo ingekukatalia umeshaiacha nje ya mlango. Wanasaikolojia wanauita mwelekeo huu upendeleo wa kuthibitisha, na wala si ugonjwa wa wanajenealojia peke yao, maabara zimejaa. Kumbuka pia Toby lilikuwa jina la kawaida. Jina kulingana si sawa na mtu kuwa yule yule.

Kwa hiyo ukiwa na mtu wako kwenye hati, fanya kinyume cha moyo wako. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, bibi yako mkubwa ni Hannah na unaamini aliuzwa kutoka kaunti jirani mwaka 1841. Umempata Hannah kwa mmiliki mpya kwenye orodha ya 1845. Usishangilie. Fungua madaftari ya mmiliki huyo ya 1835, ya 1838, ya 1840. Akiwemo Hannah wa umri huo huo tayari, dai lako limeanguka, na heri lianguke sasa kuliko baada ya kulisimulia kwenye arusi tatu. Asipokuwemo, angalia upande wa pili: kwa yule aliyemuuza, jina lake linatoweka baada ya 1841? Watoto waliotajwa pamoja naye ni wale wale? Umri unapanda kwa mwendo unaoeleweka? Mtumwa hakuandikiwa jina la ukoo kwenye hati hizi, kwa hiyo anatambuliwa kwa watu waliomzunguka. Hannah peke yake ni yeyote. Hannah mwenye Peter, Dilsey na mtoto mchanga aitwaye Lot, kwenye orodha mbili tofauti, huyo unaweza kuanza kumwamini.

Wakati mwingine daftari lenyewe halipo. Kaunti kadhaa za mashariki mwa Virginia zilipeleka kumbukumbu zao Richmond wakati wa vita ili ziwe salama, na Richmond ikaungua Aprili 1865. Hapo unatafuta nakala kwa majirani, kwenye kodi, kwenye makanisa.

Wapo wanaosema akina Mills walikuwa wakali bila sababu, kwamba Roots iliwapa mamilioni hamu ya kuwatafuta wazee wao na hilo linatosha. Haley mwenyewe aliiita kazi yake mchanganyiko wa ukweli na ubunifu. Hamu hiyo naiheshimu, na mahakama nyingi za kaunti zilipata wageni ambao zisingewapata kamwe. Ila kuna mtu mmoja ambaye mjadala huo humsahau. Toby wa Spotsylvania aliishi kweli. Mwaka 1762 alikuwa pale, akihesabiwa kama mali ya akina Waller. Mwaka 1768 alibadilishwa mikono pamoja na ardhi. Kabla ya 1782 hayupo. Alizaliwa Virginia au aliletwa? Alikuwa na mke? Watoto wake, kama walikuwepo, wako kwenye daftari la nani? Maswali hayo hayajibiki kwa kumvika jina la Kunta Kinte. Anayeyataka majibu itabidi aanze na wosia za akina Waller, ukurasa kwa ukurasa, akirudi nyuma ya 1762.