Mama, Mtoto na Hati ya Safari: Historia ya Idhini Mipakani

0. Utangulizi

Mzazi anayesafiri ng'ambo peke yake pamoja na watoto wake, hasa kwa meli inayotia nanga katika bandari za nchi kadhaa, hudaiwa leo hati nyingi kuliko abiria wengine: pasipoti ya kila mtoto, cheti cha kuzaliwa, barua ya idhini ya mzazi asiyekuwapo, na pengine hukumu ya mahakama au cheti cha kifo. Kwa juujuu, hayo ni mambo ya ofisi tu. Lakini nyuma ya kila karatasi liko swali la zamani: mtoto ni wa nani, na ni nani mwenye mamlaka ya kumvusha mpaka? Makala haya yanafuatilia jinsi swali hilo lilivyojibiwa tangu mwaka 1920, hasa katika Kongo na katika nchi za kusini mwake. Lengo ni kuonyesha kwamba idhini anayoombwa mama mipakani haikuzaliwa jana, na kwamba maana yake imebadilika sana.

1. Pasipoti ya jamaa nzima

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, msafiri aliweza kupita katika nchi nyingi za Ulaya bila pasipoti. Vita ndivyo vilivyoleta ukaguzi mkali, nao haukuondoka vita vilipokwisha. Mnamo Oktoba 1920, mkutano ulioitishwa mjini Paris chini ya Shirikisho la Mataifa ulipendekeza muundo mmoja wa pasipoti: kijitabu cha kurasa 32, kilichoandikwa kwa Kifaransa na lugha nyingine moja.

Muundo huo ulikuwa na nafasi ya picha ya mwenye pasipoti na ya mke wake, kisha nafasi ya majina ya watoto. Hapo ndipo penye jambo. Msafiri aliyefikiriwa na watungaji wake alikuwa mwanamume. Mke na watoto waliambatana naye kama viungo vinavyofuata mwili. Mke aliyeandikwa katika kijitabu cha mumewe hakuweza kukitumia bila mume huyo kuwapo. Vivyo hivyo mtoto: jina lake likiwa katika pasipoti ya baba, mama hakuwa na karatasi ya kumvusha nayo. Mwanamke aliweza kupewa pasipoti yake mwenyewe, lakini kupewa kwake kulitegemea sheria ya ndoa ya nchi yake.

2. Mwanamke wa peke yake machoni pa dola la kikoloni

Nchini Ubelgiji, mwanamke aliyeolewa alihesabiwa na sheria kuwa hana uwezo kamili wa kutenda mpaka sheria ya tarehe 30 Aprili 1958 ilipoufuta upungufu huo. Katika makoloni, udhibiti ulikuwa mkali zaidi, kwani Mkongo hakuhitaji kufika mpaka wa nchi ndipo aombwe kibali: kuihama wilaya ya asili yake kulihitaji hati maalumu iliyotolewa na utawala.

Katika miji, utawala ulibuni kundi la ajabu, la wanawake «wanaoishi peke yao kinadharia», nao wakatozwa kodi. Wajane, waliopewa talaka na wasioolewa wote walitiwa katika kapu moja. Huko Usumbura (leo Bujumbura), katika Ruanda-Urundi iliyotawaliwa na Wabelgiji haohao, wanawake Waislamu waliipinga kodi hiyo katika miaka ya 1950. Kwao, jambo halikuwa fedha peke yake, bali heshima: mjane mcha Mungu alihesabiwa sawa na malaya kwa sababu tu hapakuwa na mwanamume wa kumsemea.

Kisa hicho kinafunza jambo kubwa. Mwanamke asiye na mume kando yake alikuwa ameshatiliwa shaka na dola mjini mwake, kabla hajakanyaga ngazi ya meli.

3. Sheria ya Familia na idhini ya mume

Uhuru haukuifuta mara moja fikira hiyo. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotungwa Kongo ilipokuwa ikiitwa Zaire, ilimtaka mke, katika kifungu cha 448, kupata idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria lililomlazimu kutimiza wajibu fulani yeye mwenyewe. Aidha mke alitakiwa kuishi na mumewe na kumfuata. Chini ya sheria ya namna hiyo, safari ya mama na watoto bila baba ilikuwa jambo la kuombewa ruhusa. Sharti la idhini ya mume liliondolewa na Sheria Na. 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, yaani miaka karibu 29 baadaye.

Upande wa uraia, Sheria Na. 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 inamtambua kuwa Mkongo wa asili mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake, awe baba au mama, ni Mkongo. Uzito wa kanuni hiyo huonekana mtu akitazama yaliyotokea katika nchi ambako haikuwapo.

4. Kesi mbili za kusini

Kesi ya kwanza ni ya Zambia, jirani wa Katanga. Edith Nawakwi, mama asiyeolewa, alitaka watoto wake waandikwe katika pasipoti yake. Ofisi ikadai idhini ya baba. Alikwenda mbele ya Mahakama Kuu akiishtaki serikali, na mwaka 1991 mahakama ikaamua kwamba mama ana mamlaka juu ya mambo ya watoto wake sawa na baba, kwa hiyo ridhaa ya mmoja wao yatosha. Tena iliona kwamba familia ya mzazi mmoja ni familia kamili katika jamii ya Zambia. Bi. Nawakwi alikuja kuwa waziri wa fedha mwaka 1998.

Kesi ya pili ni ya Botswana. Unity Dow, mwanasheria aliyeolewa na Mmarekani, alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya ndoa, alikuwa raia wa Botswana. Wawili waliozaliwa ndani ya ndoa hawakuwa raia, kwa kuwa sheria ya mwaka 1984 ilifuata uraia wa baba. Hivyo watoto hao wawili, waliozaliwa na mama Mtswana, waliingia na kutoka nchini kwa hati za baba yao. Mahakama Kuu ilimpa Bi. Dow haki mwaka 1991, Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 1992, na sheria ikarekebishwa mwaka 1995.

Kesi hizo zikiwekwa pamoja, zinaonyesha pande mbili za tatizo moja. Huko Zambia, ndoa ilikosekana, na mama akaambiwa amtafute baba. Huko Botswana, ndoa ilikuwapo, na kwa sababu yake mama akapoteza uwezo wa kuwapa wanawe uraia. Awe ameolewa au hajaolewa, karatasi ilimtafuta baba.

5. Kila mtoto na pasipoti yake

Wakati huohuo, hofu nyingine ilikuwa ikikua: mtoto kutoroshwa na mzazi mmoja baada ya wazazi kutengana, au kuibwa na wafanya biashara ya watu. Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 uliweka utaratibu wa kumrudisha mtoto aliyevushwa mpaka kinyume cha haki ya malezi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 11, uliyataka mataifa kupambana na uvushaji huo.

Pasipoti ya jamaa ikaanza kufa. Uingereza iliacha kuwaandika watoto katika pasipoti za wazazi mwaka 1998. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 26 Juni 2012 kila mtoto anapaswa kuwa na pasipoti yake. Mtoto amekuwa msafiri kamili, mwenye jina na picha yake. Lakini kwa kuwa pasipoti nyingi hazitaji wazazi, uhusiano wake na mama aliyemshika mkono haujulikani tena kwa kufungua kijitabu. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini vikaingia.

Afrika ya Kusini ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia tarehe 1 Juni 2015 ilimtaka kila mzazi anayesafiri na mtoto kuonyesha cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, pamoja na idhini ya mzazi asiyekuwapo, au hukumu, au cheti cha kifo. Wenye biashara ya utalii walilalamika sana, na masharti yakalegezwa baadaye kwa wageni wengi. Kongo nayo, mnamo Septemba 2013, ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto waliochukuliwa na wazazi wa kulea wa nchi za nje. Familia nyingi zikakaa zikisubiri kwa miaka.

6. Hitimisho

Idhini imerudi, lakini si ileile. Ya zamani ilimlinda mume katika mamlaka yake. Ya leo inakusudia kumlinda mtoto, na inamdai baba kama inavyomdai mama. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo, sheria iliyo sawa kwa wote huwaelemea zaidi wasio na karatasi. Katika Kongo, Sheria Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, lakini watoto wengi hawaandikishwi. Mjane ambaye mumewe alipotelea vitani hana cheti cha kifo. Aliyeachwa bila talaka ya mahakama hana hukumu. Akiambiwa alete saini ya asiyekuwapo, ataitoa wapi?

Wahenga walisema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ofisa wa bandarini haujui uchungu huo, na hawezi kulaumiwa kwa kutoujua. Yeye husoma kilichoandikwa. Kwa sababu hiyo, haki ya mama anayesafiri na wanawe haianzi gatini. Inaanza katika ofisi ya uandikishaji ya mtaani kwake, siku mtoto anapozaliwa.