Gitaa la Besi la Zamani na Ufundi Wake

Gitaa la besi la umeme lilienea duniani baada ya Leo Fender wa California kuanza kuuza Precision Bass mwaka 1951. Lilichukua nafasi ya besi kubwa la mbao, ambalo sauti yake ilimezwa na tarumbeta na ngoma.

Tanganyika ilikuwa na bendi za dansi zamani kabla ya hapo. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Magitaa ya umeme yalipoenea katika miaka ya 1960, vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, si vya mpigaji. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilimilikiwa na shirika la usafiri na teksi, kisha tangu 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki aliyehama aliliacha besi nyuma, nalo likapita mikononi mwa wengi.

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika, na vyombo vipya pamoja na vipuri navyo vikawa adimu. Masharti ya uagizaji yalianza kulegezwa mwaka 1984. Katika hali hiyo, kukarabati lilikuwa jambo la lazima.

Kazi ya fundi huanzia shingoni. Nyuzi nne huivuta kwa nguvu ya takriban kilo 70 hadi 80, na chuma kilichopita ndani yake ndicho huizuia isipinde. Ikipinda mno mbele, nyuzi huwa juu na vidole huchoka. Ikinyooka kupita kiasi, nyuzi hugonga freti, yaani vipande vya chuma vilivyokatiza shingo, na kukoroma. Chuma hukazwa kidogo kidogo, robo mzunguko kwa mara moja. Kipande kinachoshika nyuzi karibu na kichwa kikilika, kingine huchongwa kwa mfupa au mpingo.

Kisha hufuata daraja, sehemu inayoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Noti ya freti ya 12 hulinganishwa na mlio wa uzi unapoguswa tu mahali hapo. Noti ikizidi kupanda, kitako cha uzi husogezwa nyuma. Precision za mwanzo zilikuwa na vitako viwili kwa nyuzi nne, hivyo haziwezi kulingana kikamilifu. Vinne vilikuja mwaka 1957.

Umeme huja mwisho. Vidhibiti vya sauti vilivyoingia vumbi hukwaruza, na risasi ya kulehemu iliyoachia kwenye tundu la waya hukata sauti. Pikapu, yaani kinasa mlio wa nyuzi, ikiwa kimya kabisa, huenda waya wake wa shaba, mwembamba kuliko unywele, umekatika. Basi husukwa upya.

Hali ya hewa nayo huamua matokeo. Kwa mfano, mji wa Same uko kwenye tambarare kame, ilhali Vudee, juu katika milima ya Pare Kusini, hupata mvua na ukungu zaidi. Mbao hunywa unyevu na kuvimba mlimani, kisha husinyaa bondeni, na ncha za freti hujitokeza pembeni mwa shingo. Kwa hiyo besi lililopandishwa kutoka Same huachwa siku kadhaa lizoee hewa ya Vudee kabla ya shingo kurekebishwa, na hukaguliwa tena masika na kiangazi.