Kabla hatujatoa gazeti letu la muziki: waliotutangulia walifanyaje?

Zamu ya historia wiki hii imeniangukia mimi, na nimeona niandike kuhusu jambo ambalo linatugawa tangu likizo ianze: je, sisi wanafunzi wakimbizi tutoe gazeti la muziki, ndiyo au hapana?

Wanaokataa wana hoja. Wanasema muziki ni wa kusikiliza, si wa kusoma. Simu zipo, YouTube ipo, korali zetu zinarekodi kila mwezi, sasa karatasi ya nini? Hoja hiyo si ya kijinga. Lakini hebu mjiulize: wimbo ule wa harusi mama zetu wanaoimba, nani aliutunga? Kijiji gani? Mwaka gani, na kulikuwa na nini mwaka huo? Simu inabaki na sauti. Habari ya wimbo haibaki, labda mtu aiandike. Nimetafuta watu waliofanya kazi hiyo katika eneo letu hili, tuone walivyofanya na walikwama wapi.

Mwanafunzi mwenye kalamu, 1936

Tuanze hapa hapa Rwanda. Mwaka 1936 Alexis Kagame alikuwa bado mwanafunzi wa seminari. Upadri aliupata mwaka 1941. Zamani hizo mashairi ya kifalme, yanayoitwa ibisigo, yalikaa vichwani mwa watu. Kulikuwa na familia za watunzi zilizofundisha watoto wao kuyakariri, neno kwa neno, kizazi hadi kizazi. Kagame alikaa na wale wazee, wao wanakariri, yeye anaandika. Hakuandika maneno peke yake. Alitaka kujua pia nani alilitunga shairi na chini ya mwami gani. Mwaka 1951 alitoa kitabu kinachoitwa La poésie dynastique au Rwanda, na kabla ya hapo alikuwa pia mhariri wa Kinyamateka, gazeti la Kanisa Katoliki lililoanza mwaka 1933.

Wazee wale leo hawapo. Ufalme wenyewe uliondolewa mwaka 1961. Kama yule mwanafunzi angesema "nitakuja kuwasikiliza nikimaliza masomo", baadhi ya mashairi yale yangezikwa na wenyewe. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kazi hii ni ya maprofesa. Ilianzwa na mwanafunzi.

Gitaa la Likasi

Mfano wa pili unatoka kwetu Kongo, na ni wa Kiswahili kabisa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya kazi zake Afrika Kusini, alizunguka Rwanda, Burundi na Kongo na mashine ya kurekodi. Rwanda alirekodi ngoma za mwami. Katanga, katika mji wa Jadotville ambao leo unaitwa Likasi, alikutana na kijana mpiga gitaa, Jean Bosco Mwenda. Akarekodi wimbo wake "Masanga", na santuri zake zikasambaa hadi Afrika Mashariki. Vijana wengi walijifunza gitaa kwa kuziiga, wakirudia kuzisikiliza mpaka vidole vikubali.

Tracey alikuwa na tabia moja tunayopaswa kuichukua. Kila alichorekodi alikiandikia jina la mwimbaji, chombo, mahali, lugha na tarehe. Ndiyo maana miaka zaidi ya 70 baadaye tunasema "Mwenda, Jadotville, 1952" bila kubahatisha. Chama chake cha muziki wa Afrika kilitoa pia jarida, African Music, kuanzia mwaka 1954. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft aliandika humo makala juu ya upigaji wa Mwenda, akiweka kwenye nota kile ambacho vidole vyake vilikuwa vinafanya. Hiyo ndiyo kazi ya gazeti la muziki: halikusifii mpigaji tu, linakuonyesha anavyopiga.

Lakini oneni na kasoro yake. Jarida lilikuwa la Kiingereza na lilitoka Afrika Kusini. Mwenda aliimba Kiswahili cha Katanga. Kijana wa Likasi, wa Bukavu au wa Uvira angelipata wapi, na kama angelipata angelisoma vipi? Muziki ulitoka kwetu, maelezo yakabaki mbali. Ndugu zangu, hapo ndipo ninapoona sababu ya gazeti liwe letu na kwa lugha yetu. Na msisahau kwamba hapa Rwanda, hadi leo, Kiswahili cha Nyamirambo na Biryogo hakijanyamaza, na mwaka 2017 bunge lilikipa nafasi ya lugha rasmi. Hatuandiki kwa lugha ya kuombaomba.

Hela hatuna. Wao walikuwa nazo?

Sasa swali gumu, la pesa na mashine. Hapa mfano bora ninaoujua si gazeti la muziki, ni gazeti la siasa, lakini lilitengenezwa na wanafunzi na linafaa kututia moyo: Cheche, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1967 wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika waliokuwa wanasoma pale waliunda chama kinachoitwa USARF. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, huyu huyu wa Uganda. Novemba 1969, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni, wakatoa toleo la kwanza la Cheche. Miongoni mwa wahariri walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Mwalimu wao Walter Rodney aliandika katika toleo hilo la kwanza. Yeye ni mwalimu, wao ni wanafunzi, na makala zinakaa pamoja.

Walichapa vipi? Kwa mashine ya kudurufu na karatasi za stensili. Wengi wetu hatujawahi kuiona kazi hiyo. Stensili ni karatasi yenye nta. Unaipiga taipu bila utepe wa wino, herufi zinatoboa ile nta. Unaivisha kwenye mashine, unazungusha, wino unapita kwenye matundu na kuacha herufi kwenye karatasi nyeupe. Ukikosea herufi moja, unaziba kwa dawa maalumu, unasubiri ikauke, unapiga tena. Kisha karatasi zinapangwa mezani kwa kurasa, watu wanazunguka meza wakiokota moja moja, halafu zinabanwa kwa pini. Waandishi hawakulipwa. Kazi yote ilikuwa ya kujitolea, usiku na siku za mapumziko, huku mitihani inasubiri.

Na gazeti lile la pini lilitikisa nchi. Septemba 1970 walitoa toleo maalumu lenye makala ndefu ya Issa Shivji, Tanzania: The Silent Class Struggle. Novemba mwaka huo huo serikali ikalifunga gazeti pamoja na chama chenyewe. Sababu moja iliyotolewa ilikuwa jina: eti "Cheche" limetokana na magazeti ya nje, Iskra la Lenin na The Spark la Nkrumah, wakati Tanzania ina Ujamaa wake. Gazeti liliishi mwaka mmoja tu. Lakini nakala zilikuwa zimeshafika kwa watu. Makala ya Shivji ikachapwa tena kama kitabu. Vijana wa TANU pale chuoni wakaanzisha jarida jingine, MajiMaji, mwaka 1971. Na mwaka 2010 Hirji na wenzake wakatoa kitabu kizima cha kumbukumbu za Cheche. Mlango ulifungwa, karatasi zilikuwa zimeshatoka nje.

Nachukua mambo mawili kwao. La kwanza, ukosefu wa hela haukuwazuia, kwa sababu walikuwa wamegawana kazi. La pili, gazeti linaokolewa na nakala zilizotawanyika. Nakala 50 katika nyumba 50 ni salama kuliko nakala 500 kwenye sanduku moja.

Kwa nini hapa Kigali jambo hili ni zito

Mji huu unajua maana ya kupoteza wanamuziki. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 waliuawa waimbaji ambao nchi nzima iliwajua. André Sebanani, aliyeimba na Orchestre Impala na kufanya kazi Radio Rwanda, aliuawa. Rodrigue Karemera aliuawa. Nyimbo zao bado zinapigwa redioni, tunazisikia kwenye basi na kwa kinyozi. Lakini mtu akitaka kuwauliza "ulitunga vipi, ulikuwa unamwambia nani?", nafasi hiyo haipo tena.

Mji huu unajua pia kwamba wimbo unaweza kutumiwa vibaya. Simon Bikindi, mtunzi maarufu, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda kule Arusha. Majaji walisikiliza nyimbo zake tatu, wakachambua maneno na tafsiri zake, na wataalamu wakabishana juu ya maana. Desemba 2008 alihukumiwa miaka 15, si kwa nyimbo zenyewe bali kwa uchochezi wa kuua alioutoa kwa kipaza sauti cha gari mwezi Juni 1994. Sisi tunaotoka Kivu na Burundi, ambako nyimbo za kutukana kabila fulani hazijaisha, tusisome habari hii kama ya watu wengine. Mhariri wa gazeti la muziki lazima ajue kila neno analochapa linasema nini, na nani linamuumiza. Wimbo wa Kifuliiru, wa Kinyamulenge, wa Kirundi au wa Kishi usiingie kabla ya kusomwa na watu wawili wanaoijua lugha hiyo, na hao wawili wasiwe wa nyumba moja.

Basi tufanye nini

Mwaka 2021 kambi ya Gihembe, iliyokuwepo tangu 1997, ilifungwa na watu wakahamishiwa Mahama. Watoto waliozaliwa na kukua pale walikuwa na nyimbo zao, korali zao, michezo ya ngoma ya shule zao. Nani ameandika orodha? Tumekuwa tukisindikiza familia zinazokwenda Marekani au Kanada, na katika kila familia kuna mtu anayejua wimbo ambao mwingine haujui. Tunampigia picha uwanja wa ndege, basi.

Pendekezo langu ni dogo ili litekelezeke. Toleo la kwanza liwe na kurasa 16. Karatasi moja ya A4 ukiikunja inakupa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Tukisema 18 tutaumia. Kurasa 16 ni karatasi nne tu, pini mbili kwenye mkunjo. Angalieni upangaji: karatasi ya nje inabeba ukurasa wa 1 na wa 16 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Nakala 50 zinakula karatasi 200, hata nusu ya rimu haifiki. Kwa duka la fotokopi hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Kazi zigawanywe kabla ya kuandika chochote. Wawili wakusanye nyimbo kwa wazazi na wazee, na kaye na biki mkononi, simu ya kurekodi pembeni. Wawili wakague lugha. Mmoja apige taipu na kupanga kurasa. Mmoja ashike hesabu, na hesabu hiyo isomwe mbele ya wote. Kila wimbo uwe na kadi yake kama ya Tracey: nani ameimba, amejifunza kwa nani, wapi, lini, chombo gani. Na mwenye wimbo aulizwe kwanza kama anakubali jina lake litokee, maana wapo wakimbizi ambao jina kwenye karatasi linaweza kuwaletea shida. Akikataa, tuandike mahali na mwaka, jina tuliache.

Nakala zikitoka, tusigawiane sisi kwa sisi tu. Moja iende Mahama, moja Kiziba, moja kwa ndugu aliyeko nje, moja tuombe Maktaba ya Umma pale Kacyiru waipokee.

Kwa wale wanaosema hatuna shule ya muziki, nawakumbusha kwamba shule ya muziki ya Nyundo, iliyofunguliwa mwaka 2014, iliongozwa na Jacques Murigande, yule Mighty Popo, ambaye alizaliwa Bujumbura katika familia ya wakimbizi wa Rwanda. Mtoto wa mkimbizi alirudi akafundisha nchi nzima muziki. Sisi hatujui tutarudi lini wala wapi. Lakini bibi zetu wapo nyumbani leo, na jioni hii wanaweza kuimba. Anayejitolea kuwa wa kwanza kwenda na kaye aandike jina lake hapa chini, na aseme ataanza na bibi au babu gani.