Nerinella

Nerinella ni jenasi ya konokono wa baharini waliokwisha kutoweka, wa kundi la nerinea, lililoishi zama za Jura na Kretasia. Gamba lake ni jembamba na refu kama msumari wa parafujo, lenye mizunguko mingi inayopungua taratibu hadi nchani. Ubavu wa kila mzunguko umebonyea kidogo katikati na kuinuka kwenye mshono unaouunganisha na mwenzake.

Sura ya nje, hata hivyo, hudanganya, kwani konokono wengi warefu hufanana. Kitambulisho kimo ndani. Jiwe lenye kisukuku likikatwa kwa msumeno kufuata urefu wa gamba, huonekana mhimili katikati na vyumba pande zote mbili. Ndani ya vyumba hivyo hujitokeza mikunjo, mithili ya vijino: kwenye mhimili, kwenye dari na kwenye ukuta wa nje. Mikunjo ya Nerinella ni michache na sahili. Ya jamaa zake wengine hutatizana kama nakshi ya mlango.

Kwa anayetafuta visukuku vya aina hii nchini Tanzania, Milima ya Uluguru ni ya miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, kwa hiyo si mahali pa kutafuta makombe. Mashariki yake, Kidugallo, kuna chokaa ya bahari ya Jura. Lakini jina la Nerinella limejikita Tendaguru, mkoani Lindi, ambako tabaka moja la bahari, lililo katikati ya matabaka yenye mifupa ya dinosaria, huitwa kwa jina lake.