Jiwe la Mugere na Kisiwa cha Ulva

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya kusini, RN3, Ziwa Tanganyika linakuwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto mpaka ufike Rumonge, mwendo wa kilomita sabini na kitu. Hujaenda mbali, pale Mugere, gari huiacha lami na kupanda kilima kidogo. Juu yake kuna jabali lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe: 25-XI-1871. Wageni hupiga picha, mwongozaji hueleza kwa dakika chache, kisha safari inaendelea.

Hakuna jiwe mashuhuri kuliko hilo katika mwambao wote wa Burundi, na linawakumbuka wapita njia waliolala pale usiku mbili. Walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakaenda kuutazama mto Rusizi, wakathibitisha kwamba unaingia ziwani na hautoki. Mwenyeji wao alikuwa mtawala aliyeitwa Mukamba. Aliwapa mahali pa kulala na chakula. Jina lake halimo katika maandishi ya jiwe lile, wala hayamo majina ya wapiga makasia waliowafikisha. Naanzia hapo kwa sababu Livingstone alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Blantyre mwaka 1813, na Waskoti ndio mabingwa wa aina ya safari ambayo Burundi ingependa kuiuza: mgeni, gari, mwongozaji wake peke yake, siku moja ya magofu na mandhari.

Safari ya Uskoti inafahamika. Dereva anakuchukua hotelini Edinburgh asubuhi, na yeye ndiye msimulizi pia. Anakupeleka Stirling, ngome iliyokaa juu ya mwamba, mahali Mary alipotawazwa kuwa malkia mwaka 1543 akiwa mtoto mchanga wa miezi tisa. Mnapita kando ya ziwa la Loch Lomond, mnaingia bonde la Glencoe, jioni mnarudi. Kazi ya msimulizi wa Kiskoti inarahisishwa na kuta. Anaponyamaza, ukuta unaendelea kusema: hapa palikuwa na lango, hapa jiko, hapa mfungwa alitupwa shimoni. Hata mwongozaji mvivu hawezi kukuharibia siku yote.

Lakini kuta nazo zina namna yake ya kudanganya. Ngome ya Eilean Donan, inayopamba kadi na kalenda za Uskoti kuliko karibu ngome nyingine yoyote, ililipuliwa na manowari za serikali mwaka 1719 na kubaki kifusi kwa karibu miaka mia mbili. Hiyo inayopigwa picha leo ilijengwa upya kati ya mwaka 1911 na 1932. Nayo kilt, ile sketi ya wanaume yenye mirabaraba inayodhaniwa kuwa vazi la Waskoti wote tangu kale, ilipata heshima hiyo kwa kiasi kikubwa baada ya mfalme George wa Nne kuzuru Edinburgh mwaka 1822, katika sherehe zilizopangwa na mwandishi wa riwaya, Walter Scott. Sisemi haya kuwadharau. Nasema mawe ya Uskoti yalihitaji watu wa kuyasimulia, na masimulizi yalipofanya kazi vizuri tukaamini kwamba mawe yalisema yenyewe.

Burundi ilikuwa na ufalme kwa karne kadhaa, ufalme wenye jeshi na makao makuu, na haikujenga ngome ya mawe. Kasri la mwami, yaani mfalme, lilikuwa nyumba ya mviringo ya miti na nyasi, iliyofumwa kwa ustadi, ndani ya nyua zilizofuatana moja baada ya nyingine. Mfalme alikuwa na makao zaidi ya moja na alihama kati yake. Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi 1908, alimzuia Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejikita Ujiji, asipenye ndani ya ufalme. Baadaye akapambana na Wajerumani mpaka akalazimika kutia saini mkataba wa Kiganda mwaka 1903. Yote hayo aliyafanya bila ukuta hata mmoja ambao leo ungelipiwa kiingilio. Nguvu za dola yake zilihifadhiwa katika ngoma na katika watu waliopewa jukumu la kuzitunza. Gishora, karibu na Gitega, bado kuna ukoo wa walinzi wa ngoma, na nyumba ya nyasi hujengwa upya kila inapochakaa. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Makaburi ya wafalme huko kwenye misitu ya kaskazini yaliachiwa miti mikubwa na vijiji vya walinzi. Mtu aliyezoea Stirling angepita hapo akadhani ni kichaka.

Hapo ndipo tofauti ya mila hizi mbili inapokuwa na uzito kwa anayepanga siku ya Rumonge. Uskoti jengo humbeba msimulizi. Burundi msimulizi ndiye hulibeba jengo. Akikosekana yeye, au akiwa amekariri tarehe mbili tatu za Wazungu, mgeni anarudi Bujumbura akiwa ameona jabali, maji na samaki wa kukaanga.

Na Rumonge si mahali pa kuonwa juujuu. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walifungua misheni yao hapo mwaka 1879; mwaka 1881 watatu wao wakauawa na misheni ikafungwa. Mji wenyewe ni wa bandari, na Kiswahili chake ni cha nyumbani. Mitaa ya Waswahili, misikiti, biashara na Kigoma na Kongo ng'ambo, yote ni mtandao uleule wa karne ya 19 ambao haujakatika. Mwaka 2015 Rumonge ilifanywa mkoa. Mwaka 2025, nchi ilipopunguza mikoa hadi mitano, ikaingia katika mkoa wa Burunga. Ziwa nalo limeubadili mji: katika miaka ya hivi karibuni, hasa 2024, maji yalipanda na kumeza nyumba na fukwe za mwambao huu.

Asubuhi mwaloni ndiyo saa nzuri ya kufika. Mitumbwi iliyovua usiku kwa taa inarudi, ndagala wanamwagwa na kutandazwa wakauke, wanawake wakiwapindua kwa mikono huku bei ikijadiliwa. Samaki aina ya mukeke hununuliwa wakiwa wabichi na huchomwa hapohapo. Ukienda upande wa mashamba utawakuta wanaokamua mawese: chikichi zimechemshwa kwenye pipa, zinapondwa, zinaingizwa kwenye kinu cha chuma, watu wawili wanasukuma mti wa kukizungusha, na mafuta mekundu mazito yanashuka taratibu kwenye dumu la manjano. Moshi, harufu tamu, nyuki. Mgeni yeyote atafurahi. Juu ya milima kuna hifadhi ya Vyanda yenye sokwe, na kusini ya mji msitu wa Kigwena, mabaki ya misitu iliyokuwa imeufunika ukanda huu wa chini. Michikichi inafunika bonde mpaka karibu na maji. Ni mandhari ambayo kamera haiwezi kuikosea.

Lakini mandhari ina historia, na hapa Uskoti ina jambo la kutufundisha. Bonde la Glencoe ni zuri mno. Kila mwongozaji anayejiheshimu husimamisha gari na kueleza kilichotokea hapo tarehe 13 Februari 1692, pale askari wa serikali waliokuwa wamekaribishwa majumbani mwa ukoo wa MacDonald walipoamka alfajiri na kuwaua wenyeji wao, watu wapatao 38. Majina ya waliotoa amri yanatajwa wazi. Baadaye, katika karne ya 18 na 19, wenye ardhi waliwafukuza maelfu ya wakulima wa nyanda za juu ili wafuge kondoo. Ule upweke wa mabonde unaowavutia watalii, milima mitupu isiyo na moshi wa nyumba hata moja, mahali pengi ni matokeo ya watu kuondolewa. Waskoti walichelewa sana kumwambia mgeni hilo. Siku hizi wengi wao humwambia.

Rumonge, michikichi ndiyo inayopaswa kuelezwa. Tarehe 29 Aprili 1972 vikundi vya waasi wa Kihutu vilishambulia Rumonge na maeneo mengine ya kusini, vikaua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima, yakiwalenga Wahutu na hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Makadirio ya waliouawa huanzia laki moja na kupanda juu. Walionusurika mwambaoni walikimbilia Tanzania kwa maelfu, wengi wakaishia katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nyuma yao mashamba yakachukuliwa. Mengine serikali iliyapima na kuyagawa upya chini ya mipango ya kilimo cha michikichi, na familia nyingine zikakaa, zikapanda, zikazaa, zikazika wazee wao humohumo. Wakimbizi wa 1972 walipoanza kurudi kwa wingi katika miaka ya 2000, shamba moja likawa na wenyewe wawili, wote wakiwa na jambo la kweli la kusema. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006 kwa ajili ya kesi kama hizo, na Rumonge ilikuwa mahali pa mvutano mkubwa.

Sidai kwamba mgeni wa siku moja apewe haya yote kati ya samaki na kahawa. Glencoe ina zaidi ya miaka 330, na hakuna anayemkuta sokoni mtoto wa aliyemuua baba yake. Rumonge wanakutana. Mwongozaji anayesema neno moja zaidi, au neno moja pungufu, atasikiwa na dereva, na muuza mawese, na mwenye shamba. Kunyamaza kwake nakuelewa. Lakini kuonyesha mashamba kama pambo tu, na kusimama kwa heshima kwenye jiwe la wageni wa usiku mbili, ni kupanga umuhimu kinyume. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa mwaka 2014, imefukua makaburi ya halaiki sehemu nyingi za nchi, ikiwemo kando ya mto Ruvubu mwaka 2020. Hadithi hii haijafichika tena kiasi cha mwongozaji kujifanya haijui.

Kuna uzi mmoja unaounganisha pande hizi mbili, nao unapita kwenye jiwe lilelile la Mugere. Ukoo wa Livingstone ulitoka Ulva, kisiwa kidogo magharibi mwa Uskoti. Babu yake alihama na familia kwenda Blantyre, ambako mjukuu alianza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na miaka kumi. Katikati ya karne ya 19 mwenye kisiwa aliwafukuza wengi wa wakazi wa Ulva. Kisiwa kikabaki na watu wachache sana kwa miaka mingi. Mwaka 2018, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uskoti, jumuiya ya wenyeji wa eneo hilo ilikinunua kwa zaidi ya pauni milioni nne ili watu warudi kuishi. Kwa hiyo jina lililochongwa Mugere ni la mwana wa ukoo uliotoka mahali palipoondolewa watu, na bonde linalofuata barabarani ni la watu walioondolewa. Mwongozaji akianza na Mukamba, akaenda Ulva, kisha akaingia Rumonge, ana njia ya kulisema la 1972 bila kumnyooshea kidole mtu aliyesimama sokoni.

Mtu kama huyo anahitaji kufunzwa, na alipwe kama anavyolipwa dereva wa Edinburgh, si kwa bahashishi ya mwisho wa siku. Naona afadhali atoke Rumonge penyewe: anayejua Kirundi na Kiswahili cha mji, anayejua nani alikuwa na shamba lipi, na anayejua pia ni nyumba ipi asiifikishe gari. Walimu wake bado wapo. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1972 sasa amepita sabini, na wengi wa aina hiyo hukaa barazani mchana, wakisubiri jua lipungue, tayari kuulizwa na kijana wanayemfahamu.