Mzunguko Usiozunguka

Siku ya nne tangu samaki waingie nyumbani, binti yangu aliniita kutoka sebuleni: "Baba, njoo uone. Wanakunywa hewa." Samaki wetu wawili wa dhahabu, tuliowanunua Nakuru mjini na kuwaleta Njoro kwa matatu ndani ya ndoo yenye kifuniko, walikuwa wameng'ang'ania juu kabisa ya tangi, midomo ikifunguka na kufumba. Maji yalikuwa maangavu kama machozi. Nami, kwa kudhani kwamba uchafu ni kitu cha kuonekana kwa macho, nikayamwaga yote. Kisha nikachukua sponji ya kichujio nikaikamua chini ya mfereji mpaka ikatakata. Mmoja alikufa kabla ya adhuhuri ya kesho yake.

Rafiki niliyemsimulia msiba huo alinitumia maelezo yaliyopitishwa kwenye mashine ya tafsiri. Yalinieleza kwamba kosa langu ni kutoliendesha tangi baiskeli kabla ya kutia samaki. Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili na sikuwa na neno bora la kumpa. Wafugaji wa samaki wanaotumia Kiingereza hulitaja jambo hili kwa kitenzi kilekile cha kuendesha baiskeli, wakikusudia mzunguko wa nitrojeni. Wengine wamejaribu "kuzungusha tangi", na msomaji asiyejua habari hizi atalishika tangi kwa mikono miwili aanze kulizungusha.

Kinachotokea majini ni hiki. Samaki hatoi amonia kwa njia ya haja peke yake; sehemu kubwa humtoka kwa matamvua, kila anapopumua. Chakula kilichobaki nacho huoza na kuongeza nyingine. Amonia haina rangi, na kwa kiasi kinachotosha kuua samaki haina hata harufu. Bakteria wa aina moja huila na kuigeuza nitriti. Bakteria wa aina nyingine huila nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka izidi sana. Mwanasayansi Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga bakteria hao na kuonyesha kazi zao, akiwa Zürich mwaka 1890. Yeye alikuwa akichunguza udongo. Habari ya samaki ilikuja baadaye.

Nitriti na nitrati: irabu moja tu inazitenga, na irabu hiyo ni mpaka kati ya sumu na mbolea. Nitriti huingia katika damu ya samaki na kuizuia kubeba oksijeni, hata matamvua yakageuka rangi ya kahawia. Anayefundisha somo hili darasani aitamke silabi hiyo polepole, tena aiandike ubaoni.

Istilahi ya mzunguko wa nitrojeni nimeifundisha miaka mingi bila kuitilia shaka, na ukiwa shambani haina kasoro. Nitrojeni hutoka hewani, ikaingia udongoni, ikapanda kwenye mmea, ikaliwa na mnyama, ikarudi udongoni kwa samadi na mizoga, na nyingine ikarejea hewani. Hapo duara limefungwa. Ndani ya tangi la kioo hakuna duara. Amonia huwa nitriti, nitriti huwa nitrati, na safari inaishia hapo. Nitrati hujilimbikiza wiki baada ya wiki mpaka mwenye nyumba aitoe kwa ndoo. Huo ni mkondo wenye mwanzo na mwisho. Anayeambiwa kuna mzunguko ataamini kwamba maji yanajisafisha yenyewe, na ndoo ataiacha nyuma ya mlango.

"Kichujio" nalo limenigharimu samaki. Chujio kwetu ni kile cha chai: majani yakijaa, unakung'uta na kusuuza. Lakini sponji ile ni makao. Bakteria huishi kwenye vijitundu vyake, na ule utelezi wa kahawia nilioukamua kwa bidii ndio waliokuwa wameanza kujenga. Maji ya mfereji yenye klorini yakamaliza kazi. Sponji huoshwa kwa kuminywa kidogo ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya tangi, basi.

Huku kwetu kuna mambo mawili ya kuzingatia zaidi. La kwanza ni mwinuko wa nchi. Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lilelile maji yetu hubeba oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya moja kwa tano. Baridi hufidia sehemu ya upungufu huo, kwa kuwa maji baridi hushika hewa vizuri, na samaki wa dhahabu anaipenda baridi. Hahitaji kipasha maji. Ila bakteria wetu hawaipendi. Kazi wanayoimaliza kwa wiki 4 hadi 6 kwenye maji yenye vuguvugu, hapa huweza kuwachukua 8 au zaidi.

La pili ni magadi. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana magadi, ambayo hupandisha pH ya maji, na amonia hubadilika tabia humo. Kwenye pH 7, amonia iliyo katika umbo lake kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 hukaribia asilimia 4 au 5, na kwenye 9 inaweza kufika theluthi. Samaki yule mdogo wa Ziwa Magadi, aliyepandikizwa Ziwa Nakuru katika karne iliyopita ili ale viluwiluwi vya mbu, ana dawa yake: maji ya nyumbani kwake yana magadi makali hata amonia haiwezi kumtoka kwa matamvua, basi yeye hutoa urea. Ndiyo urea ileile ya mkojo wetu na ya mfuko wa mbolea. Samaki wa dhahabu hakujaliwa ufundi huo.

Tuiteje, basi, kazi ya kuliandaa tangi? Napendekeza kukomaza. Embe changa ni embe kweli, ila halijafika wakati wake. Tangi changa nalo lina maji na kioo na pampu ya hewa, lakini bado wale bakteria hawajaingia. Tangi komavu ni lile ambalo ukipima unakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, na nitrati inapanda. Kipimo ndicho kitakachokuambia, kwa kuwa kwa macho tangi changa na tangi komavu hufanana, na mara nyingi lile changa ndilo linalong'aa zaidi.

Kuna neno jingine tunalolihitaji, na hilo tayari liko jikoni. Anayegandisha maziwa huacha kidogo ya jana yakawa kianzio. Kipande cha sponji kuukuu kutoka tangi la mtu mwenye samaki wazima, kikiwekwa kwenye tangi lako, hufanya kazi hiyohiyo na kuzipunguza wiki za kusubiri. Kiite kianzio, hata nyanya yako ataelewa.

Tangi letu la pili tulilikomaza kuanzia Juni. Kila siku binti yangu alitia punje chache za chakula kwenye maji yasiyo na samaki, nao wageni wakidhani mtoto anacheza. Samaki aliyesalimika alikaa wiki zote hizo kwenye beseni kubwa la plastiki, akibadilishiwa sehemu ya maji kila siku, maji yaliyolazwa usiku kucha ili klorini itoke. Alihamia tangini mwishoni mwa Agosti.

Sasa kila Jumamosi tunatoa robo ya maji, ndoo mbili za lita 10, na kuyamwaga kwenye sukuma wiki nyuma ya jikoni. Mkulima wa Njoro haoni ajabu, maana herufi N ya mwisho kwenye mfuko wa mbolea ya CAN ni nitrati hiyohiyo. Hapo, kwenye sukuma wiki, mzunguko umepata haki ya kuitwa mzunguko. Kwa tangi tuseme kukomaza, na mwalimu mwenzangu aliye na neno linalolishinda hili asilifiche.